Nilipe au nisilipe? Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu kuhusu mikopo ya kausha damu

Mheshimiwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

YAH: MIKATABA YA MIKOPO INAYOPATIKANA KWA UDANGANYIFU NA MADENI YANAYODAIWA KWA MIKATABA HIYO

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka 34, na sasa ni katibu wa kikoba cha akina mama wanaofanya biashara Soko la Mawenzi na Kihonda. Kwa kuwa nina miwani, nina muda na nasoma Kiingereza, watu huniletea mikataba yao ya mikopo, ile tuiitayo kausha damu kwa jinsi inavyowanyonya wakopaji, niwasomee. Wanakuja jioni, baada ya kufunga meza zao, mkataba umekunjwa mara nne ndani ya pochi. Karibu wote wanakuja wakiwa wamekwisha kusaini.

Novemba 2024, baada ya Benki Kuu kutangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, binti wa jirani yangu ambaye ni muuguzi alikuja kwangu na simu mkononi. Programu aliyokopa ilikuwemo katika orodha hiyo. Siku hiyohiyo alikuwa amepokea ujumbe kwamba asipolipa kabla ya saa sita mchana, ndugu zake wote watajua yeye ni mtu wa aina gani. Alikaa kwenye kiti cha barazani akaniuliza: "Mwalimu, nilipe au nisilipe?"

Sikuwa na jibu. Niliisoma ile orodha tena, nikasoma na tangazo lake. Niliona onyo kwa umma usijihusishe na watu hawa, na onyo hilo nalishukuru. Sikuona mstari wa kumwambia mtu aliyekwisha kukopa kwao afanye nini na deni lake. Nimelibeba swali la binti yule tangu siku ile, na barua hii yote naiandika kwa ajili ya swali hilo.

Sikukimbilia hadharani. Kwa niaba ya wanakikundi niliandika barua mbili kwa mkopeshaji mmoja wa hapa mjini. Ya kwanza ilipokelewa na kugongwa muhuri. Ya pili karani alikataa kuishika. Nilikwenda ofisi ya mtaa, nikaambiwa hayo ni makubaliano ya watu wawili wazima na serikali haiingilii. Nilipeleka malalamiko katika ofisi nyingine ya umma, ambayo siitaji kwa sababu sikusudii kumchongea mtumishi yeyote. Huko nilipewa namba ya faili. Miezi minane imepita, na namba hiyo ndiyo kitu pekee nilichorudi nacho. Kwako sijawahi kuandika, na naomba radhi kwamba barua yangu ya kwanza kwako inasomwa na watu wengine pia. Lakini wanaoumia na jambo hili ni wengi, na wengi wao hawawezi kuandika barua.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja nisieleweke vibaya. Mtu aliyekopa fedha akaipokea mkononi anapaswa kuirudisha. Katika kikoba chetu asiyelipa tunamfuata nyumbani, tunakaa naye, analipa. Sitetei wadaiwa sugu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Riba inayotajwa siyo inayolipwa

Mwanakikundi wetu mmoja anauza samaki wa kukaanga. Mwaka jana aliomba mkopo wa shilingi 500,000 kwenye kampuni iliyotundika leseni ukutani. Afisa mikopo alimwambia kwa mdomo kwamba riba ni asilimia tatu na nusu kwa mwezi, "kama Benki Kuu inavyotaka." Alipofika dirishani akakatwa 10,000 ya fomu, 30,000 ya kukaguliwa biashara, 25,000 ya bima, na 25,000 waliyoiita akiba ya lazima. Akatoka mlangoni na 410,000. Marejesho yakapangwa kuwa 15,000 kila siku kwa siku 45.

Hesabu hii niliifanya naye mezani kwangu, kwa kalamu. Elfu kumi na tano mara 45 ni 675,000. Asilimia tatu na nusu ya laki tano, kwa mwezi mmoja na nusu, ni 26,250. Kwa kauli ya yule afisa, basi, alipaswa kurudisha 526,250, na hiyo ingekuwa haki kama angepewa laki tano kamili akakaa nazo zote hadi siku ya 45. Yeye alipewa laki nne na elfu kumi, na kesho yake asubuhi alikwisha anza kurejesha. Gharama halisi ya mkopo wake ilikuwa 265,000, zaidi ya mara kumi ya kile alichoambiwa. Siku ya 28 alikuwa amefikisha marejesho ya 420,000, yaani amekwisha rudisha zaidi ya alichopokea, na bado siku 17 zilikuwa mbele yake.

Nilimuuliza ile bima ilikuwa inakinga nini. Hajui. Hakupewa hati, hakutajiwa kampuni ya bima. Na ile akiba ya lazima hajaiona hadi leo.

Alilipa siku 31 bila kukosa. Ya 32 mtoto wake alilazwa, akakosa marejesho, ikaanza faini ya 5,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Wiki moja baadaye walikuja vijana wanne na guta wakabeba friza yake. Hawakuwa na karatasi ya mahakama. Friza hiyo ndiyo iliyokuwa inatunza samaki anaowauza ili apate hiyo 15,000 ya kila siku. Mheshimiwa Gavana, mtu aliyepokea 410,000 na kurudisha 465,000 leo anaambiwa bado anadaiwa, na kifaa cha kumwezesha kulipa kimefungiwa kwenye stoo ya anayemdai.

2. Mkataba hausomeki, na nakala haitolewi

Nimesoma mikataba 17. Kumi na moja imeandikwa kwa Kiingereza, na hicho ni Kiingereza cha wanasheria. Tangu 2021 sheria zetu zinatamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Hakimu wa mahakama ya mwanzo akimhukumu muuza mchicha anaandika kwa Kiswahili, lakini mkataba uliomfikisha huko alisainishwa kwa lugha asiyoijua.

Wengi hawakupewa nakala. Huambiwa nakala inabaki ofisini mpaka deni liishe, nami naipata tu baada ya mtu kuomba mara tatu au kuipiga picha kwa simu kwa kificho. Katika mikataba minne niliona kwa macho yangu kwamba maandishi ya mkataba yamejazwa kwa wino wa bluu, lakini kiasi cha marejesho na tarehe vimejazwa kwa wino mweusi. Wenye mikataba hiyo wote wanne walisema kitu kimoja: waliposaini, nafasi hizo zilikuwa tupu.

Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kauli ya "alisaini mwenyewe" inapotumika kufunga mjadala. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba saini inatosha. Inataka ridhaa iliyo huru, na kifungu cha 14 kinaeleza kwamba ridhaa haiwi huru ikipatikana kwa kulazimishwa, kwa ushawishi usiofaa, kwa udanganyifu au kwa maelezo ya uongo. Kifungu cha 17 kinahesabu kuficha kwa makusudi jambo ambalo mtu analijua kuwa ni udanganyifu. Kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuukataa mkataba. Haya si maoni ya mwalimu mstaafu wa Morogoro. Yamo katika vitabu vya sheria vya nchi hii tangu kabla sijaanza kufundisha.

Najua pia kwamba kifungu hichohicho cha 19 kina mlango ambao mawakili wa wakopeshaji wanaupenda. Kinasema kwamba mtu akipewa maelezo ya uongo, au akinyamaziwa jambo kwa hila, hawezi kuukataa mkataba ikiwa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Ndiyo maana wanasema, "Si angesoma?" Nami nauliza: asome nini? Karatasi ya lugha asiyoijua? Nafasi ambayo haijajazwa? Nakala ambayo imefungiwa kabatini kwa mkopeshaji? Mwenye kuficha njia ya ukweli hawezi kumlaumu mwenzake kwa kutoiona njia hiyo. Lakini mama muuza samaki hana wakili wa kuyasema haya mahakamani, na kwa hiyo hayasemwi. Ndiyo maana nayaleta kwako, maana wewe una uwezo wa kuyaweka katika kanuni yasihitaji wakili.

3. Mkopo unaovishwa kanzu ya mauziano

Hili ndilo linalonitisha kuliko yote, na naona halizungumzwi vya kutosha.

Kijana mmoja wa bodaboda alikopa shilingi 2,000,000 kwa mtu binafsi anayekopesha mtaani. Dhamana ilikuwa kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, anapoishi na mkewe na watoto wawili. Hakusainishwa mkataba wa mkopo. Alisainishwa hati ya mauziano: kwamba yeye, kwa akili zake timamu, ameuza kiwanja hicho kwa shilingi 2,000,000 na fedha zote amepokea. Alipouliza aliambiwa, "Huo ni utaratibu tu, ukimaliza deni tunaichana." Mashahidi walikuwepo, muhuri ukagongwa. Alirejesha 1,400,000, akapata ajali, akachelewa miezi miwili. Sasa anatakiwa ahame, kwa sababu kwa mujibu wa karatasi hajawahi kukopa. Aliuza.

Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka ulinzi kwa mtu anayeweka ardhi yake rehani. Akishindwa kulipa, anapewa notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajachukua hatua ya kuuza. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi inahitajika, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema hivyohivyo katika kifungu cha 59. Kwa kuita rehani mauziano, mkopeshaji anaruka uzio wote huo kwa hatua moja. Mke wa kijana yule hakuulizwa chochote. Alijua siku walipokuja kupima.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa nchi hii kwamba muhuri wa serikali ni kitu cha kuheshimiwa. Mihuri ya serikali za mitaa inagongwa kwenye hati hizi huku anayegonga akijua kwamba kilichopo mezani ni mkopo. Huo ni ushiriki, na naomba nakala ya barua hii iliyopelekwa TAMISEMI isomwe kwa maana hiyo.

4. Kadi za benki na namba za siri

Nitasema kwa kifupi kwa sababu linanihusu. Baada ya kustaafu nilikopa ili nimalizie paa la nyumba. Mkopeshaji alichukua kadi yangu ya benki na namba ya siri, na kwa miezi 14 pensheni yangu ilitolewa na mtu mwingine kabla yangu. Nilikuwa naenda ofisini kwake kuomba kilichobaki. Mwezi mmoja nilikuta kimetolewa zaidi ya makubaliano, nikaambiwa nisubiri "hesabu zikae sawa." Walimu wengi waliopo kazini na wastaafu wengi wamepita hapo na hawasemi, kwa aibu. Mimi nimeamua kusema. Kadi ya benki ni ya mwenye akaunti, na hakuna mkopo, uwe na leseni au usiwe nayo, unaostahili kudhaminiwa na namba ya siri ya mtu.

5. Programu za simu

Duka la programu la Google lina sharti kwamba programu ya mikopo binafsi isimtake mtu arejeshe mkopo wote ndani ya siku 60 au chini ya hapo. Kwa hiyo kwenye tangazo wanaandika siku 91, wengine 180. Binti wa jirani yangu alisoma siku 91. Fedha ilipoingia, ujumbe ukasema siku saba. Aliomba 100,000, ikaingia 65,000, akatakiwa kurejesha 100,000 wiki ijayo. Hakubonyeza popote kukubali siku saba. Nieleze, Mheshimiwa: makubaliano hayo yalifanyika lini, na nani?

Alipochelewa siku mbili, ujumbe ulikwenda kwa mama mkwe wake, kwa msimamizi wake wa zamu, na kwa fundi seremala ambaye alimpigia simu mara moja tu mwaka juzi. Ulikuwa na picha yake na neno MWIZI. Programu ilikuwa imenyonya orodha yote ya majina kwenye simu siku alipoipakua. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume yake. Wenzetu wa Kenya, mwaka 2023, ofisi yao ya kulinda taarifa iliitoza kampuni moja ya programu za mikopo faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa mchezo huuhuu wa kutumia namba za watu kutisha wadaiwa. Natamani kusikia habari ya namna hiyo kutoka kwetu.

Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na orodha ya wasio na leseni ikafuata. Hizo ni hatua, nami sizidharau. Lakini programu iliyokatazwa hubadili jina na rangi ikarudi, na madeni ya jina la zamani yanaendelea kudaiwa kwa jina jipya.

6. Polisi na deni

Mtu akichelewa marejesho anaitwa kituoni kwa kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu. Deni ni shauri la madai. Wanakikundi wangu wawili wamelala rumande kwa ajili ya madeni yaliyo chini ya laki tatu. Walitoka baada ya ndugu kuchangishana na kumlipa mkopeshaji palepale kituoni.

Sasa, Mheshimiwa Gavana, najua yatakayosemwa, kwa sababu nimekwisha kuyasikia madirishani.

Watasema hakuna aliyelazimishwa. Ni kweli hakuna aliyeshikiwa panga. Lakini mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliposimamishwa 2023 hadi iliporudi 2024, nilishuhudia akina mama sokoni wakihamia kwa wakopeshaji hawa mmoja baada ya mwingine. Mtu mwenye ada ya mtoto inayodaiwa Jumatatu hachagui mkopeshaji. Anakwenda kwa aliyefungua mlango Jumamosi. Kwa hiyo anayefungua mlango huo ndiye wa kuangaliwa.

Watasema wakopeshaji wakibanwa, mikopo midogo itakauka. Kampuni inayoishi kwa asilimia tatu na nusu iliyoruhusiwa haitakufa kwa kuambiwa iandike ukweli kwenye karatasi. Itakayokufa ni ile iliyokuwa inaishi kwa makato ya dirishani, na sijui kwa nini tuililie.

Watasema dawa ni elimu ya fedha. Hili nalijibu kama mwalimu. Elimu humsaidia mtu kusoma kilichoandikwa. Haimsaidii kusoma kilichofichwa. Ninyi wenyewe, wasomi wa uchumi, nikiwapa mkataba wenye nafasi tupu kwenye kiasi cha marejesho, hamwezi kuniambia riba yake ni ngapi. Semina ziendelee, lakini zisitumike kuhamishia kosa kwa aliyeibiwa.

Na wapo watakaosema kwamba anayeumia aende mahakamani. Friza ya laki sita, wakili wa laki nane, na kesi ya mwaka mzima. Wakopeshaji wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi, na biashara yao imejengwa juu yake.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imekupa usimamizi wa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za wateja, walio kampuni na walio watu binafsi. Sheria inamwadhibu anayekopesha bila leseni. Ninachokosa ni neno kwa mkopaji. Mkopeshaji asiye na leseni anaweza kutozwa faini Dodoma na jioni yake akaendelea kumpigia simu muuguzi wa Morogoro, kwa kuwa hakuna aliyesema wazi kwamba mkataba wake umekufa. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya mikopo ya 2005, wamesema: mkopeshaji anayepaswa kusajiliwa akikopesha bila kusajiliwa, mkataba wake ni batili. Kenya wana kifungu cha 44A cha sheria yao ya mabenki, kwamba mkopo uliokwama, riba yake haiwezi kupanda ikapita kiasi cha deni la msingi lililokuwepo siku ulipokwama. Hata sheria yetu ya mikataba, kifungu cha 23, inasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Mbegu tunayo. Tunaomba itamkwe kwa Kiswahili, na wewe, ili mtu aweze kuionyesha kwenye simu yake pale vijana wa guta wanapofika.

Tunaomba haya:

Kwanza, Benki Kuu itoe tamko kwamba mkopo uliotolewa na asiye na leseni hauna riba, hauna ada na hauna faini. Mkopaji arudishe kile tu alichopokea mkononi, baada ya kutoa alichokwisha kulipa, na akishakirudisha asidaiwe tena. Sheria ya Mikataba yenyewe inamtaka aliyepokea kitu chini ya mkataba batili akirudishe, kwa hiyo hatuombi zawadi.

Pili, kila mkopo wa daraja la pili uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mistari mitatu kwa herufi kubwa: umeomba kiasi gani, unapokea mkononi kiasi gani, utarejesha jumla kiasi gani na kwa siku ngapi. Usainiwe kabla fedha haijatoka, nakala abaki nayo mkopaji. Mkopeshaji asiyeweza kuonyesha ukurasa huo asiruhusiwe kudai riba. Nimeandika mistari mitatu kwa makusudi. Ukiruhusu kurasa sita, watajificha ndani yake.

Tatu, makato yote, yaitwe fomu, ukaguzi, bima au akiba, yahesabiwe ndani ya kikomo cha asilimia 3.5. Lisipofanyika hili, kikomo hicho kitaendelea kuwa mapambo ya ukutani.

Nne, kushika kadi ya benki ya mkopaji na kumsainisha hati ya mauziano kama dhamana viwe sababu ya kufutiwa leseni, na TAMISEMI iwaagize watendaji na wenyeviti wa mitaa wasigonge muhuri kwenye mauziano ya aina hiyo. Aliyekwisha kusainishwa apewe mahali pa kupeleka hati yake ichunguzwe bila gharama.

Tano, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Jeshi la Polisi wakae na ofisi yako, watoe namba moja ya kuripoti, na majibu yatolewe kwa maandishi.

Kwa haya tunaomba jibu ndani ya siku 60. Nimechagua siku hizo kwa sababu ndizo Sheria ya Ardhi inazompa mwenye nyumba kabla haijauzwa.

Mikataba yote 17 nimeitolea vivuli na wenyewe wameniruhusu niwasilishe, majina yao yakiwa yamefunikwa kwa karatasi. Vivuli hivyo viko kwenye bahasha ya khaki, na ule wa kijana wa bodaboda nimeuweka juu, kwa kuwa ameambiwa ahame kabla mvua za masika hazijaanza. Nikiitwa Dodoma nitakuja kwa basi la asubuhi kutoka Msamvu. Muuguzi amesema atanisindikiza, kwa sababu anataka kuliuliza lile swali yeye mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, katibu wa kikoba,
Morogoro.

Nakala:
Waziri wa Fedha
Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Mkuu wa Mkoa wa Morogoro
Wanakikundi wote, isomwe kwa sauti kikao cha Jumapili